Dodoso, ramani ya majivu, utafiti wa vitendo au baraza: kuchagua njia ya kutafiti vijiji vya Dodoma

Neno "kaya" lina maana mbili katika mkoa wa Dodoma, na mtafiti asiyelijua hilo hurudi mjini na takwimu zinazopendeza macho lakini zisizomhusu mtu yeyote aliye hai. Katika madodoso ya Kiswahili, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wakiwa na mtu mmoja anayeitwa mkuu wa kaya. Katika Kigogo, kaya ni boma zima, yaani tembe zilizouzunguka ua wa ng'ombe, na mwanamume mwenye wake 3 ana nyumba 3 ndani ya kaya hiyo moja, kila nyumba ikiwa na mama mwenyewe, jiko lake na kihenge chake cha uwele.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mdadisi katika mradi mmoja uliopita vijiji vya Bahi, nikiwa na dodoso la kurasa 14 lililotafsiriwa kutoka Kiingereza. Mzee wa kwanza niliyemwuliza idadi ya watu wa kaya yake alijibu 23, nami nikaandika 23. Swali lililofuata lilitaka magunia ya nafaka yaliyovunwa na kaya hiyo, naye akajibu 3. Nilipoonyesha mshangao alitikisa kichwa kuelekea vihenge vilivyokuwa upande wa pili wa ua, akasema, "Hivyo vingine, mwanangu, waulize wenyewe." Dodoso halikuwa na nafasi ya kuwauliza wenyewe. Mmoja wao alikuwa akipepeta uwele hatua tano kutoka tulipoketi, na jibu alikuwa nalo. Kwa hesabu ya ofisini, watu 23 walikuwa wanaishi mwaka mzima kwa magunia 3, na kaya ile ikaingia katika orodha ya maskini wa kutupwa.

Kosa hilo halikuletwa na mgeni. Mimi ni mwenyeji wa mkoa huu, Kigogo nilikipata kwa mama yangu, na bado niliandika nilichoandika bila kusita, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha kuamua kaya ni nini. Ndiyo maana naona kwamba mjadala wa kuondoa ukoloni katika utafiti wa jamii hupotea njia unapong'ang'ania asili ya mtafiti. Maswali yenye uzito ni mengine: nani ametunga swali, limeulizwa kwa lugha gani, na ni nani anayeweza kulipinga jibu kabla halijachapwa. Linda Tuhiwai Smith, msomi wa Kimaori wa New Zealand, aliyaweka maswali ya aina hii mbele ya vyuo vikuu katika kitabu chake cha mwaka 1999, na Bagele Chilisa wa Chuo Kikuu cha Botswana akayaendeleza kwa mazingira ya Afrika. Tangu hapo ukombozi wa utafiti umekuwa na soko. Siku hizi napitia mapendekezo ya tasnifu ambayo kichwa chake kinatangaza kujinasua na ukoloni, ilhali ukifika sura ya tatu unakuta sampuli ile ile ya watu 384 inayotoka katika fomula ile ile, kana kwamba vijiji vyote vya dunia vimekubaliana.

Kwa mwanafunzi, afisa wa halmashauri au mtafiti wa asasi ndogo anayetaka kufanya kazi Dodoma au Singida, ziko njia nne zinazowezekana kweli. Nitazilinganisha kwa mambo yatakayombana: muda, lugha, fedha, na nani anayebaki na matokeo.

Dodoso lililokarabatiwa

Wapo wanaoamini kwamba kuhesabu kwenyewe ni tabia ya kikoloni na kwamba mtafiti aliyejikomboa hana budi kuacha takwimu. Sikubaliani nao, na hoja yangu iko Kongwa, wilaya ya mkoa huu huu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu 3, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine kwenye maeneo makubwa. Ujumbe huo ulitumia wiki 9 kuzunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu nyingine waliziona wakiwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 mitambo ilianza kung'oa mibuyu Kongwa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi, kwa sababu udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na mvua haikuja kama ilivyotarajiwa. Mtu yeyote wa Kongwa aliyekuwa na umri wa miaka 40 wakati ule angeweza kuwasimulia Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati ukame ulipokutana na majeshi ya vita yaliyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Hesabu za mvua zilizofanywa kwa miaka ya kutosha zingewaokoa wale wakubwa. Masimulizi ya wazee nayo yangewaokoa. Walikosa vyote viwili.

Kwa hiyo dodoso halifai kutupwa, lakini halifai pia kuchukuliwa jinsi lilivyo. Ukarabati wake unaanza na maneno. Kaeni na watu watano au sita wa kijiji, wanawake wakiwa nusu, mlisome swali kwa swali kwa Kigogo, kisha mtu mwingine ambaye hajaliona la awali alirudishe katika Kiswahili. Popote tafsiri mbili zinapoachana, hapo ndipo swali lilipo na ugonjwa. Katika kazi niliyoshiriki baadaye tuliandika upya sehemu nzima ya chakula, tukauliza kwa kila nyumba badala ya kila kaya, na idadi ya wahojiwa ikaongezeka kiasi cha kumkasirisha mwenye bajeti. Ng'ombe ni mtego mwingine, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na wanyama walioko kwa rafiki kijiji cha mbali huku walioko zizini kwake wakiwa wa mwingine, na si kila mtu atapenda kutaja hesabu yao mbele ya mgeni mwenye kalamu. Uliza kwanza anakamua wangapi. Swali hilo halina aibu, na linafungua mengine.

Msimu nao una neno. Dodoma ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mdadisi anayefika Januari anamkuta mtu mwenye jembe mkononi ambaye atajibu lolote ili aachiwe arudi kwenye palizi. Nenda kati ya Juni na Agosti, nafaka ikiwa imeingia ndani.

Nguvu ya dodoso ni kwamba halmashauri inalisikia. Sensa ya 2022 ilikuta watu 3,085,625 katika mkoa wa Dodoma, na mbele ya idadi kama hiyo kisa cha bibi mmoja, hata kiwe cha kweli kiasi gani, hakitoboi kisima. Udhaifu wake ni kwamba hata likikarabatiwa vizuri, mwenye swali ni yule aliyekuja nalo.

Ramani ya majivu

Njia ya pili ni ile inayoitwa shirikishi, ambayo Robert Chambers wa Uingereza na wenzake waliieneza duniani kuanzia miaka ya 1980. Watu huchora ramani ya kijiji ardhini kwa majivu, vijiti na mawe, hupanga vipaumbele kwa mbegu, na hutembea na mtafiti kutoka mlimani hadi mbugani wakimweleza udongo. Vijiji vyetu vinaifahamu mno, kwa kuwa mpango wa serikali wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ulijengwa juu ya mbinu za jinsi hii.

Uzuri wake nimeushuhudia. Katika kijiji kimoja cha Chamwino tuliomba wanaume wachore vyanzo vya maji mahali pao na wanawake mahali pao. Ramani ya wanaume ilikuwa na lambo, josho na bomba la pampu. Ya wanawake haikuwa na josho kabisa. Ilikuwa na mstari mrefu wa majivu, ambao ni korongo la mchanga, na juu ya mstari huo kokoto 9, kila moja ikiwa ni mahali wanapochimba kwa mikono mwezi Oktoba bomba linapokauka. Kokoto mbili ziliwekwa mbali kidogo, na nilipouliza sababu niliambiwa kwamba maji ya huko yana chumvi na huchotwa kwa ajili ya kufulia tu. Dodoso lenye swali la "chanzo kikuu cha maji" lisingeipata chumvi hiyo hata lingejazwa mara elfu.

Ubaya wake unaanza saa ya kuondoka. Ramani ya majivu inanakiliwa kwenye bango kitita, bango kitita linakunjwa, linatiwa kwenye gari, na kijiji kinabaki na alama za matairi. Zaidi ya hapo, watu wamekwisha kuijua ngoma hii na hatua zake. Wanajua kwamba ukitaja tatizo la maji mbele ya mradi wa maji unapata kikao cha pili chenye posho, na mwenyekiti huwa ameandaa vipaumbele vitano kabla wageni hawajashuka. Siwalaumu. Mtu aliyeshirikishwa mara sita bila kuona tofauti amejifunza kazi ya kushirikishwa, na anaifanya vizuri.

Chagua njia hii ukiwa na siku chache, ukiwa na swali la mahali (maji, malisho, mipaka, njia za mifugo), na ukiwa tayari kuwatenga wanawake na wanaume kwanza kisha kuwakutanisha. Usiichague kwa sababu tu neno "shirikishi" linapendwa na wafadhili.

Utafiti wa vitendo

Hii ndiyo njia ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo ninayomzuia mwanafunzi wa shahada ya uzamili asiiguse peke yake.

Sehemu ya chimbuko lake iko Tanzania yenyewe, jambo ambalo wengi wetu tunalisoma kwa mara ya kwanza katika vitabu vilivyochapwa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuwapeleka wanafunzi vijijini wakachunguze matatizo pamoja na wanavijiji wenyewe, huku Budd Hall akifanya kazi yenye mwelekeo kama huo katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kati ya 1975 na 1979 mradi wa Jipemoyo, uliounganisha wizara iliyosimamia utamaduni na Akademia ya Ufini, uliwaweka watafiti katika vijiji vya magharibi mwa Bagamoyo miongoni mwa wakulima na wafugaji. Swali lilitoka kwa wenye shida, uchunguzi ulifanywa pamoja nao, na hatua ya kutatua ilihesabiwa kuwa sehemu ya utafiti.

Ni rahisi kuisifu historia hiyo na kusahau kilichokuwa kikiendelea huku kwetu miaka hiyo hiyo. Mwanzoni mwa muongo ule Operesheni Dodoma ilihamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji, na lugha iliyotumika ilikuwa ya kujitegemea na kufanya kazi pamoja. Mzee aliyehamishwa anaposikia leo kwamba "tutatafuta suluhisho kwa pamoja", ana sababu ya kuuliza atahamia wapi. Kondoa nayo ina kumbukumbu yake: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika eneo lililomomonyoka. Majani na miti vilirudi, na ukiuliza swali la mmomonyoko utaandika mafanikio. Ukiuliza swali la maziwa ya watoto, au la ng'ombe walikokwenda na nani aliyewachunga huko, utaandika jambo jingine kabisa. Utafiti wa vitendo unamlazimisha mtafiti kukubali kwamba swali la pili lina haki ya kuwa la kwanza.

Gharama yake ni muda. Hakuna kijiji kitakachokupa shida yake halisi katika mwezi wa kwanza. Kwanza kitakupa ile inayofaa wageni. Halafu kuna kikwazo cha utaratibu ambacho sijaona kikizungumzwa vya kutosha. Barua ya utambulisho hutoka chuoni, hupita kwa katibu tawala au mkurugenzi, hushuka kwa mtendaji wa kata na kumfikia mtendaji wa kijiji, na mtafiti wa kigeni analazimika kuanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Katika kila meza barua hiyo ina kichwa cha utafiti kilichokwisha kupitishwa. Inapofika kwa wanakijiji wanaotarajiwa "kutunga swali kwa pamoja", swali lina mihuri minne. Dawa ndogo iliyopo ni kuandika kichwa kipana tangu chuoni, kwa mfano "matumizi ya ardhi na riziki" badala ya "athari za ufugaji", ili pabaki upenyo wa kijiji kukugeuza.

Baraza na masimulizi

Njia ya nne hutumia namna ambazo watu wenyewe huhifadhi na kupima maarifa: baraza la wazee, masimulizi ya ukoo, methali, nyimbo, na miaka inayohesabiwa kwa majina ya njaa. Unaanza kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na maamkizi yake yote yasiyo na haraka, unaketi unapoonyeshwa, na huulizi swali lako hadi uulizwe umefuata nini. Kwa historia ya ardhi, koo na ukame hakuna njia iliyo bora zaidi. Kwa Wasandawe wa Chemba, au kwa Wahadzabe wa upande wa Mkalama, ambao lugha zao hazina undugu na Kigogo wala Kinyaturu, kufanya usaili kwa Kiswahili peke yake ni kuchungulia ndani kupitia tundu la kufuli.

Ila nina onyo. Baraza linapendeza sana machoni pa mtafiti aliyechoka na madodoso, naye husahau kuuliza nani hayupo: wanawake vijana, walioolewa kutoka mbali, wahamiaji, wasio na ng'ombe. Tena, kinachoitwa "mila" kina tarehe zake. Watemi wa Ugogo, ambao mamlaka yao yalihusu zaidi matambiko ya mvua na ardhi, waligeuzwa kuwa maofisa wa utawala chini ya Wajerumani kisha Waingereza. Archie Mafeje, aliyefundisha sosholojia Dar es Salaam, aliandika mwaka 1971 akikosoa namna watawala na wasomi walivyolifanya kabila kuwa ufunguo wa kila kitu cha Afrika. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyechapisha mwaka 1954 historia na desturi za watu wake kwa Kiswahili, naye alikuwa mtumishi katika utawala huo huo wa kikoloni. Namsoma kwa fahari na kwa tahadhari, vyote kwa pamoja. Mtafiti anayeandika "Wagogo wanaamini kwamba…" huenda anarudia kazi ya mkuu wa wilaya wa mwaka 1930, safari hii akiwa na kinasa sauti.

Kazi ya lugha nayo isidharauliwe. Saa moja ya kinasa sauti cha Kigogo hunichukua kutwa nzima kuiandika na kuitafsiri, na sauti za watu ni taarifa zao binafsi, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazigusa.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa muda, ramani ya majivu inataka siku, dodoso wiki, baraza miezi, na utafiti wa vitendo miaka. Kwa fedha, dodoso ndilo linalokula nyingi kwa mkupuo, hasa posho za wadadisi na mafuta. Baraza ni nafuu kwa mtu anayeijua lugha na ghali mno kwa asiyeijua. Mbele ya watahini, dodoso halihitaji kutetewa, ramani inahitaji aya mbili, na baraza linahitaji msimamizi jasiri. Katika ridhaa, karatasi ya kuweka dole gumba hutisha watu waliowahi kuona dole likichukua shamba. Katika njia zote nne naona ni bora kuomba kamati ya maadili ikubali ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi ambaye mhojiwa amemchagua mwenyewe.

Lipo pia chaguo la tano ambalo fomu haziliweki: kutokwenda. Wahadzabe wamepimwa, wamerekodiwa na kupigwa picha na watafiti wa nje tangu kabla ya uhuru, na sioni kwa nini mwanafunzi mwingine aende kuwauliza walichokula jana. Wasan wa Afrika Kusini walitoa mwaka 2017 kanuni zao za maadili ya utafiti, zinazodai heshima, uaminifu, haki, kujali na utaratibu wanaoukubali wao, na mtafiti asiyezikubali hukataliwa. Kwetu vijiji vichache vina ujasiri wa kumwambia mwenye barua ya mkurugenzi "hapana", kwa hiyo hapana hiyo mara nyingine inabidi mtafiti ajiambie mwenyewe, akasome kwanza yaliyokwisha kukusanywa.

Kwa mwenye miezi 6 na fedha za mkopo, ushauri wangu ni dodoso fupi lililokarabatiwa, kurasa 4 zisizidi, likitanguliwa na ramani mbili za majivu na kufuatiwa na baraza moja la kuyapinga majibu. Majedwali yapeleke kijijini yakiwa bado ya penseli. Yasome kwa sauti, kwa Kigogo pale inapohitajika, na uache mtu mmoja wa kijiji aandike kila pingamizi kwa mwandiko wake. Karatasi hiyo iingie kwenye tasnifu kama ilivyo. Muhtasari wa Kiswahili uuache kwa mtendaji na nakala nyingine shule ya msingi, ambako walimu huhama lakini kabati hubaki. Fanya hivyo kabla ya siku ya kuitetea tasnifu, ukiwa bado na nauli ya kurudi na kitu cha kusahihisha.